Nimeona, Nimefikiri

Mwalimu Evaline alisaini fomu ya Ininahazwe juu ya siti ya pikipiki yangu, Ijumaa, saa tano kasoro asubuhi. Siti ilikuwa imeshika jua, karatasi ikajikunja pembeni, akaibana kwa kiwiko na kuandika jina lake lote, herufi moja moja, kama mtu anayechora. Juu ya jina lake kulikuwa na saini ya Mwalimu Stanislaus. Chini kabisa kulikuwa na dole gumba la mama wa mtoto, la bluu, kubwa kuliko saini zote mbili. Mimi nilishika usukani ili chombo kisiyumbe. Nilijua fomu ile ina kosa. Nilinyamaza.

Naitwa Niyubahwe. Wazazi wangu walitoka Burundi, mimi nimezaliwa huku, uraia tunao. Shule niliacha darasa la sita. Naendesha pikipiki Kibondo, na tangu mwaka jana mradi mmoja wa elimu ulinikodi nimpeleke Mwalimu Evaline kwenye shule za barabara ya Mabamba, siku tatu kwa wiki. Ni mtu wa Rombo, ana miaka arobaini na kitu, ana helmeti yake mwenyewe na begi la mgongoni lenye zipu mbovu. Kazi yake si kufundisha watoto. Anawafundisha walimu namna ya kuwafundisha watoto wasiosikia, wasioona vizuri, wazito wa kuelewa, wale ambao zamani walikuwa wanafichwa nyumbani.

Kijiweni walimwita kocha.

"Kocha gani huyo hana hata filimbi?" Tharsisi, dereva mwenzangu, aliniuliza siku moja. "Anawakimbiza walimu uwanjani au vipi?"

"Anawauliza maswali."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi."

Walicheka, na mimi nikacheka nao, maana hata mimi sikuona kazi. Anaingia darasani, anajibana nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kifua, anaandika. Kipindi kikiisha wanatoka nje na mwalimu, wanakaa kwenye benchi. Hamwambii umekosea hapa na hapa. Anafungua daftari lenye safu mbili. Moja ameiandika Nimeona, nyingine Nimefikiri. Mwalimu akisema, "Huyu mtoto mvivu," yeye anauliza, "Hiyo umeiona au umeifikiri?" Mwalimu anatafuna kalamu. Mwisho anasema, "Nimeona analaza kichwa kwenye dawati baada ya mapumziko." "Basi tuandike hiyo." Na hapo ndipo wanaanza kuzungumza kama amekula, kama amelala, kama anaona ubaoni.

Nilikuwa nayasikia yote kwa sababu naegesha chini ya dirisha, penye kivuli. Niliona ni mchezo wa watu wenye mshahara.

Asubuhi ile ya Ijumaa hapakuwa na mchezo. Ilikuwa siku ya fomu. Kasulu kuna shule yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, wanalala hukohuko, na kata ile ilikuwa imepewa nafasi moja. Gari la kuwachukua lilikuwa linakuja Jumatatu. Mwalimu Stanislaus alikuwa amemchagua Ininahazwe, miaka tisa, darasa la pili kwa mara ya pili. Watoto darasani mwake ni tisini na wanne. Simlaumu mtu mwenye watoto tisini na wanne akichoka na mmoja. Stanislaus ametoka Singida, ana miaka minne huku, na kwa miaka hiyo minne lugha ya huku amejifunza kusalimia tu.

Walimweka mtoto mbele ya meza, dirisha liko wazi, mimi hapo chini. Mwalimu Evaline alikuwa anauliza kwa upole, taratibu, hata mimi ningejibu.

"Ininahazwe, jana ulifanya nini?"

Sauti nyembamba ikajibu: "Kesho nilianika maharage."

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Stanislaus akapiga ubao kwa kiganja. "Kimya! Umeona, Madamu? Kila siku ndiyo hivi."

"Tujaribu tena. Kesho utafanya nini?"

"Kesho nitaenda Mabamba na mama."

"Vizuri sana! Na jana je?"

"Kesho... jana..." Akasita. "Jana nitaenda?"

Alimuuliza mara tatu kwa kubadilisha mpangilio. Kila mara mtoto alizidi kupotea, mpaka mwisho akawa anataja neno lolote lililo karibu na mdomo wake. Kusoma silabi alisoma mbili. Kuhesabu alifika kumi na mbili, akarudi tisa. Lakini kwenye silabi na namba alipata alama kidogo. Kwenye kipengele cha kutofautisha jana, leo na kesho alipata sifuri, na ile sifuri ndiyo iliyomshusha chini ya mstari. Nilisikia wanavyojumlisha. Alibaki alama tatu chini ya mstari.

Sasa hapa ndipo kosa lilipo, na mtu wa Rombo na mtu wa Singida hawawezi kuliona. Kwetu jana na kesho ni neno moja. Ni *ejo*. Jana ni *ejo*, kesho ni *ejo*. Anayesikiliza anaelewa kwa maneno yanayofuata: kama kitendo kimekwisha, ni siku iliyopita, kama bado, ni siku inayokuja. Hakuna Mrundi anayechanganyikiwa, na Waha, wenyeji wa huku, nao ni hivyohivyo. Mtoto akianza Kiswahili anakuta watu wameligawa neno lake vipande viwili, na yeye hajui kipande kipi ni cha upande upi. Anachukua kimoja anatumia pande zote. Alichosema Ininahazwe mara ya kwanza kilikuwa sahihi kabisa. *Nilianika*. Kitendo kilikuwa kimekwisha.

Mimi ninajua kwa sababu yalinikuta. Darasa la nne niliulizwa kwa nini sikuja, nikasema, "Kesho nilikuwa naumwa." Mwalimu akanisimamisha juu ya kiti. Akawaambia wenzangu waniulize nitapona lini jana. Kuanzia siku ile jina langu likawa Kesho. Kesho njoo, Kesho pita, Kesho umechelewa. Nilivumilia miaka miwili, halafu nikaona bora nikabebe mawe.

Kwa hiyo ungedhani mtu kama mimi angeingiza kichwa dirishani na kusema. Sikuingiza. Nilijiambia mimi ni dereva, hakuna aliyeniuliza. Na kuna kitu kingine ambacho sikipendi lakini ndio ukweli: nilifurahi kidogo. Yule mama wa umeona-umefikiri alikuwa anakosea mbele yangu, kwa kalamu, na mimi niliyeishia darasa la sita ndiye niliyekuwa najua. Nilitaka nikae na hiyo raha kidogo. Wakati nafurahi, Esteri, mama wa mtoto, aliitwa kutoka shambani nyuma ya shule, mikono ina udongo. Wakampa karai anawe, wakamshika kidole wakakibandika. Aliitikia kwa kichwa kila alichoambiwa. Nusu yake hakuelewa, nilimwona.

Tukaondoka.

Barabara ilikuwa kavu. Tulipita wanawake wanaanika muhogo juu ya mawe, tukapita ng'ombe, tukapanda mlima wa kwanza. Mwalimu Evaline akiwa na furaha huwa anaongea nyuma ya sikio langu.

"Kule Kasulu atapata mwalimu mmoja kwa watoto kumi na wawili, Niyu. Kumi na wawili! Na godoro lake mwenyewe."

"Eeh."

"Kutamfaa. Ofisa anatusubiri mpaka saa nane, tutawahi tu." Akalivuta begi mgongoni. "Lakini nimemhurumia. Mtoto wa miaka tisa hata siku hazijui."

Sijui kwa nini ni maneno hayo na si mengine. Nilifunga breki. Tukasimama katikati ya mlima, vumbi letu wenyewe likatupita.

"Nini? Pancha?"

"Madamu," nikasema, bila kugeuka, "hiyo umeiona au umeifikiri?"

Nikageuka. Alikuwa amefungua kioo cha helmeti ananitazama kama nimemtukana, na kwa kweli nilikuwa nimesema kwa sauti ya kutukana.

"Unamaanisha nini?"

Nikamweleza. Sikueleza vizuri, nilichanganya, nilianza na mimi juu ya kiti nikamalizia na maharage. Aliuliza neno lenyewe, nikamtajia. Akaniambia nilirudie. Akalitamka vibaya, nikamrekebisha. Akashuka kwenye pikipiki, akavua helmeti, akaenda hatua kumi kando ya barabara, akarudi.

"Ulikuwa pale dirishani."

"Nilikuwepo."

"Muda wote."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Mimi dereva."

"Usinijibu hivyo, Niyubahwe." Hakupandisha sauti, na ndiyo iliuma zaidi. "Mama wa watu ametia dole gumba pale. Ulikuwa unamtazama."

Nilikuwa nakwangua tope kavu kwenye kikanyagio cha mguu, tope la wiki iliyopita.

Alimpigia simu ofisa. Nilisikia upande wake tu, lakini ulitosha. Nafasi ni moja. Fomu isipofika kabla ya saa nane, nafasi inahamishiwa kata nyingine ambayo ina mtoto anayesubiri. Alikata simu akatazama saa. Saa sita kasorobo. Kwenda Kibondo ni saa nzima. Kurudi shuleni, kuuliza upya, kisha Kibondo, haiwezekani.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Na neno nina uhakika. Na mtoto sina."

"Sikiliza. Kama anahitaji kweli kile kitengo na mimi nikarudi, nitakuwa nimemnyima mwaka mzima. Anabaki na wenzake tisini na watatu na mwalimu aliyechoka. Unaelewa?"

"Naelewa. Na kama hahitaji, Jumatatu anapakiwa kwenye gari na watu asiowajua, kwa sababu ya neno."

Alifunga zipu ya begi, ikafunguka, akaifunga tena. Kisha akavaa helmeti.

"Geuza."

Tulimkuta Stanislaus anakula viazi ofisini. Alipotuona alisimama, akidhani tumesahau kitu. Mwalimu Evaline akamwomba tumwite mtoto, tumuulize tena, safari hii kwa lugha yake.

"Madamu, umeshasaini."

"Nimesaini. Ndiyo maana nimerudi mwenyewe."

"Mimi nipo na huyu mtoto mwaka wa pili. Wewe umemwona saa moja. Sasa huyu wa pikipiki ndiye mtaalamu?"

"Huyu wa pikipiki anajua kitu ambacho mimi na wewe hatukijui," akasema. "Mimi nimekosea, mwalimu. Nimeandika kwenye safu ya Nimeona kitu ambacho nilikifikiri tu. Naomba uje uone na mimi."

Nimemsikia mwaka mzima akiwauliza walimu. Sijawahi kumsikia akisema nimekosea. Stanislaus alifuta vidole kwenye karatasi ya daftari, polepole, akatoka nje, akamwita mtoto.

Ininahazwe alikuja anatazama miguu yake. Nilichuchumaa. Ghafla niliona kwamba mtoto akinyamaza, ni mimi niliyempotezea Kasulu.

"*Ejo wakoze iki?*" nikamuuliza, jana ulifanya nini.

Aliinua macho. Nadhani hakutegemea lugha ile ndani ya uwanja wa shule. Kisha akaongea, na hakuacha. Alisema walianika maharage kwenye mkeka, mvua ikatishia, mama akawa kisimani, akayakusanya peke yake, kuku wa jirani akawa anadonoa, akamtupia kiatu, kiatu kikaanguka chooni. Mama akacheka badala ya kumpiga. Nilikuwa natafsiri mbiombio. Stanislaus alikunja mikono, kisha akaikunjua.

"*Ejo uzokora iki?*" Sasa ilikuwa zamu ya kesho, utafanya nini.

Siku inayokuja ni Jumamosi, akasema, wataenda soko la Mabamba na parachichi, na kama yataisha mama atamnunulia kiatu kingine. Kama hayataisha hatamnunulia.

Neno ni lilelile, na hakupotea hata mara moja.

Stanislaus alikaa kwenye benchi. Alikuwa mtu tofauti kidogo usoni, kama aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi miaka minne ina chumba kingine. "Kumbe hana tatizo," akasema.

"Sijasema hivyo," Mwalimu Evaline akamjibu. "Silabi bado ni mbili. Namba bado zinamkimbia baada ya kumi na mbili. Inawezekana ni lugha, inawezekana ni macho, inawezekana ni akili kweli na Kasulu ndiko kungemfaa. Nimesema hatujui. Asubuhi tulisema tunajua."

"Sasa mimi nifanye nini? Nijifunze Kirundi? Watoto tisini na wanne, Madamu, nijifunze na Kirundi?"

"Maneno ishirini, kwa kuanzia. Na mimi nitajifunza nawe, maana sina hata moja. Mweke dawati la mbele wiki mbili, karibu na mtoto anayejua lugha zote mbili. Andika unachoona. Nikija tutaisoma pamoja."

"Nafasi je?"

Alitazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. "Imeenda."

Akaitoa fomu, akalikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika tarehe pembeni. Stanislaus aliitazama muda mrefu, kisha akaomba kalamu.

Nilidhani imeisha. Ndipo Esteri akaja kutoka shambani, jembe begani, kuuliza mbona pikipiki imerudi. Mwalimu Evaline akaniomba nimweleze, taratibu, bila kuruka kitu. Nikamweleza. Nilitegemea atafurahi, mtoto wake anabaki. Aliweka jembe chini.

"Wewe ndiye uliyesema?" akaniuliza, kwa Kirundi.

"Ni mimi, mama."

"Juzi waliniambia kule kuna godoro. Waliniambia mwalimu ana watoto kumi na wawili. Dole langu nililitia kwa kujua, si kwa ujinga. Nililia usiku kucha, nikasema aende, labda atasoma. Hapa amesoma nini?" Alimnyooshea Stanislaus kidevu bila kumtazama. "Huyu kesho atafundisha tofauti?"

"Anasema atajaribu."

"Na asipoweza? Mtoto akibaki vilevile, mwaka ujao nafasi haipo, niende kwa nani? Huyu mama anatoka mbali, siku moja atahamishwa. Mwalimu naye atahamishwa. Wao wote huhamishwa."

"Amesema nini?" Mwalimu Evaline akauliza.

Nikamtafsiria. Kuhusu godoro, kuhusu kuhamishwa, vyote. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mwambie asipofaulu, kosa ni letu sote," akasema. "Mwambie hivyo."

Nikageuka kwa Esteri. Maneno ya Mwalimu yalikuwa mazuri na yalikuwa rahisi kuyasema kwa Kirundi. Lakini nilipofungua mdomo niliona yule mama atayasikia kama alivyosikia mengine yote asubuhi, ataitikia kwa kichwa, na "sote" si mtu mwenye mlango wa kuugonga.

"Asipofaulu, kosa ni langu," nikamwambia. "Njoo kwangu."

Alinitazama usoni, kisha kwenye pikipiki, kisha usoni tena.

"Kwako ni wapi?"

Nikamwelekeza. Ukifika Kibondo unaacha stendi mkono wa kulia, unashuka mpaka mashine ya kusaga, kona, unapita kanisa dogo la mabati, kona, kona nyingine kwenye kibao cha fundi cherehani, nyumba ya matofali ambayo haijapigwa lipu, uliza Niyubahwe. Wote wananijua.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akairudia yeye mwenyewe kwa sauti, kituo kwa kituo, kama mtu anayekariri sala. Ininahazwe alikuwa amesimama ubavuni kwake, na kila mama yake alipotaja kona, yeye alikunja kidole kimoja. Nilitaka kuona ataishia kwenye kidole cha ngapi. Lakini Esteri alikuwa amemaliza, akainama kuchukua jembe, na kwa mkono mwingine akaushika ule mkono wa mtoto, ukiwa umekunjwa hivyohivyo, wakaenda.